Kona Aliyotawadhia Ayeeyo Kaaha

Abdihafid alikuwa fundi wa umeme, na kama kulikuwa na mtu mjini Garissa ambaye hajaipata habari hiyo, kosa halikuwa la Abdihafid. Aliitangaza sokoni, akaitangaza kwenye foleni ya benki, na siku ya harusi ya mpwa wake alimshika bwana harusi mkono akamweleza kwa nini taa za ukumbini zinapepesa. Mtu mwema, lakini kichwa kilikuwa kimemvimba. Nalisema hili mapema kwa sababu nimekusudia kumhurumia baadaye, na sitaki mtu adhani sikumjua.

Alizaliwa Tarbaj, kwa wafugaji. Ukame ulipowamaliza ngamia wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, aliteremka hadi Ifo, kambi ya wakimbizi ya Dadaab, akiwa na miaka kumi na tisa kutafuta kazi kwa wafanyabiashara wa kambini. Huko akamkuta mzee Guleid, mwenye jenereta moja na wateja arobaini wa maduka waliotaka taa. Sasa umeme una waya wa kwenda na waya wa kurudi. Ule wa kwenda mafundi huuita laivu, wa kurudi huuita nyutro. Guleid hakuwa na waya wa kutosha kwa safari zote mbili. Alipeleka laivu peke yake, na kila mwenye duka akapigilia chuma ardhini nyuma ya duka lake, ili umeme urudi kwa miguu, kupitia udongo. Taa ziliwaka. Ila mchanga ukikauka haupitishi kitu, kwa hiyo kila jioni, kabla jenereta haijawashwa, wenye maduka walitoka na makopo ya maji wakavimwagia vyuma vyao. Kazi hiyo waliiita kunywesha ardhi. Asiyenywesha alikaa gizani, na hakuna aliyemwonea huruma.

Hiyo ndiyo shule aliyosoma Abdihafid. Vingine vyote alivyojua alijifunza barabarani, kwa kufungua na kufunga, na kwa kurushwa na umeme mara tatu. Alipohamia Garissa, akaoa, akapata jina, hakuwahi kuona haya kwa shule yake. Mafundi wa vyeti aliwaita watoto wa daftari.

Kisha zikaja swichi janja, zile unazoziwasha na kuzizima kwa simu hata ukiwa mbali. Watoto walio ng'ambo walizipenda kwa sababu waliweza kumwashia mama feni kutoka upande wa pili wa dunia, na kwa sababu kumwashia mama feni ni rahisi kuliko kuja kumwona. Awil, dereva wa malori huko Minneapolis, Marekani, alikuwa mmoja wao. Mama yake, Ayeeyo Kaaha, yaani Bibi Kaaha kama majirani wote walivyomwita, alikuwa na miaka sabini na minane, masikio mazito, na nyumba nzuri ya mawe aliyoishi peke yake. Awil alituma pakiti ya swichi kumi na mbili kwa msafiri.

Abdihafid alizigeuza moja moja kama mtu anayenunua mbuzi. "Awil, hizi ni za umeme wa kwenu," akamwambia kwa simu. "Volti mia na ishirini. Huku zitapasuka kama bisi."

Awil akatuma nyingine. Safari hii Abdihafid alichagua mwenyewe kwenye picha: za volti mia mbili na arobaini, za kupokea waifai ile ya kawaida ambayo kifaa cha intaneti cha Ayeeyo kilikuwa nayo. Za taa na feni akachukua zenye nguvu ndogo. Kwa pampu ya maji ya kisima akakataa kabisa kuitegemea swichi peke yake. Pampu ikiamka huvuta moto kwa pupa, na swichi ndogo huungua. Alifunga kontakta, swichi nzito inayovutwa na sumaku, ili ile janja itoe amri tu na nzito ibebe mzigo. Kazi safi. Mtoto wa daftari asingefanya vizuri zaidi.

Ikabaki jambo moja. Swichi ya zamani ni mlango tu: inafunga laivu, inafungua laivu. Swichi janja ina kijiakili ndani yake, na kijiakili hicho hula mchana na usiku, kwa hiyo kinataka laivu na nyutro pia. Kwenye matundu ya swichi ya nyumba ile, kama nyumba nyingi za Garissa, nyutro haikuwamo. Dawa yake inajulikana: unapanda darini, unavuta waya mpya mpaka kila swichi. Ilikuwa Februari. Dari ya mabati ya Garissa mwezi wa Februari inaweza kuoka mkate. Abdihafid alichungulia, akashuka, akauona waya wa kijani wa ardhi, ule wa kinga, umejikunja nyuma ya kila tundu, akatabasamu. Akarudisha umeme wote kwa huo, wa swichi zote na wa kontakta ya pampu.

Waya ule uliishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa kwenye kona ya ua, ndani kidogo ya ukuta. Kwenye kona hiyo hiyo Ayeeyo Kaaha alikuwa na kigoda chake na birika la plastiki, na hapo alitawadha mara tano kwa siku kwa miaka thelathini. Udongo ulikuwa mweusi kwa unyevu, na mmea mdogo ulikuwa umeota. Abdihafid alicheka kwa furaha.

"Nyumba zingine nawaambia wanyweshe ardhi," akamwambia Awil. "Ya mama yako haina haja. Mwenyewe anaswali."

Swichi zilifanya kazi kutoka siku ya kwanza. Alizifunga hivyo hivyo katika nyumba nyingine kumi na moja. Kabati la swichi kubwa la Ayeeyo alilitia kufuli, ufunguo akauchukua yeye, na kwenye programu ya swichi iliyo katika simu ya Awil akamtaka amfute yeye fundi, ili siku moja asije mtu kusema Abdihafid anazima nyumba za watu. Alikuwa mwaminifu kiasi hicho.

Mwaka ukapita, na mvua zake. Desemba Awil alipiga simu: mama anazeeka, kutoka nje na kuinama si vizuri, amjengee mahali pa kutawadha ndani. Abdihafid akaleta bomba la chuma, akaweka na vigae vyeupe. Pampu ikapangiwa kujiwasha yenyewe saa tisa na nusu kila alasiri, ili tangi lijae kabla ya swala ya alasiri. Ayeeyo alimwombea dua ndefu. Kigoda chake kikahamia ndani.

Katikati ya Januari alimpigia fundi wake. "Abdihafid, hii maji inaniuma mkono."

"Inauma vipi, Ayeeyo?"

"Nikishika bomba, vidole inakufa ganzi. Kama siafu."

"Ni miaka hiyo, Ayeeyo. Mama yangu pia mikono inamsumbua. Paka mafuta ya simsim."

Alimwambia hivyo, kwa sauti ya upole kabisa, huku akikata waya wa mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, Abdihafid alikuwa Dadaab, akifunga swichi za feni na pampu katika bohari la shirika moja la misaada. Aliyesimamia kazi alikuwa Hani, msichana wa Garissa aliyesomea uhandisi, mpole, asiyepandisha sauti. Saa nane ikiwa imepita kidogo alifungua tundu moja akaangalia.

"Abti, hii nyutro umetoa wapi?" Alimwita mjomba, kwa heshima.

"Kwa ardhi."

"Ardhi hii? Si ni mchanga mkavu?"

"Nimeinywesha asubuhi, jerikeni nzima. Shika testa upime mwenyewe."

Hani akapima. Akatikisa kichwa polepole. "Sawa, leo inarudi. Na wewe ukienda, nani atainywesha?"

Abdihafid alifungua kinywa kumjibu. Jibu analo siku zote: mwenye nyumba. Lakini badala ya jibu ikamjia kona ya Ayeeyo Kaaha, kigoda hakipo, birika halipo. Wiki sita za kiangazi bila tone la maji. Alijua ardhi ile ikoje sasa. Alijua kuliko mtu yeyote, maana hata muuza sukari wa Ifo asiyejua kusoma alilijua hilo: ikikauka, umeme haurudi. Na kule Ifo ulipokosa njia taa ilizimika tu. Kwa Ayeeyo waya ule wa kijani umefungwa kwenye mwili wa pampu, pampu imeshikana na mabomba, na bomba limeshikwa na mkono wa mama mzee aliyesimama peku juu ya vigae. Umeme usiopata ardhi ungekaa kwenye chuma ukimngoja yeye.

Siafu wale hawakuwa uzee.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Nane na dakika kumi na tano. Abti, unaumwa?"

Vijiswichi peke yake vilikuwa vinauma kama siafu. Pampu ikiamriwa saa tisa na nusu, kontakta ingesukuma umeme wake wote kwenye chuma kile, na ingeusukuma bila kukoma. Kutoka Dadaab hadi Garissa ni saa mbili ukienda kama mwendawazimu, na katikati kuna sehemu ambayo simu haishiki kabisa. Akiondoka sasa hafiki, na njiani hataweza kumwonya mtu. Aliketi juu ya sanduku la swichi, akatoa simu.

Ya Ayeeyo iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, mara tisa. Alijua iko wapi: chini ya mto, na mwenyewe amelala usingizi wa mchana na masikio yale, mpaka adhana ya msikiti wa jirani imwamshe, kisha moja kwa moja bombani. Ya mkewe haikupatikana, na ya Awil ilikuwa imezimwa. Minneapolis kulikuwa hakujapambazuka. Yule peke yake duniani aliyeweza kuizima pampu kwa kidole alikuwa amelala, na aliyemfanya awe peke yake ni Abdihafid. Mfukoni ufunguo wa kabati ulimchoma paja. Alitamani kulia, akalia kweli, mbele ya msichana wa kumzaa.

"Jirani?" Hani aliuliza. "Fikiria jirani."

Kulikuwa na Ebla. Ebla aliuza maziwa ya ngamia kwenye ukuta wa Ayeeyo, upande wa barabarani, na Abdihafid aliwahi kumtengenezea friza. Namba yake ilikuwa inatumika. Akapiga, inatumika. Ikawa saa tisa kasoro. Inatumika. Wateja wa maziwa huwa na maneno mengi. Saa tisa na dakika kumi ikawa inaita bila kupokelewa. Abdihafid aliomba Mungu kwa sauti, akamwahidi mambo ambayo sitayaandika. Saa tisa na dakika kumi na nane sauti ya Ebla ikasema, kwa ukali, "Warya, nini? Niko kwa kazi!"

"Abaayo, dada yangu, bisha kwa Ayeeyo Kaaha! Mwambie asiguse bomba! Bisha sana!"

Alisikia geti la chuma likipigwa, kwanza kwa kiganja, kisha kwa jiwe. Alimsikia Ebla akiita. Hakuna jibu.

"Amefunga kwa ndani. Nini imekuja, Abdihafid?"

"Bomba ina umeme. Itamuua. Ebla, unajua kona yake, ile alikuwa anatawadha? Hapo ndani tu ya ukuta. Mwaga maji hapo. Mwaga sasa!"

"Maji? Maji iko wapi? Tangu jana watu wote wanangoja gari ya maji. Hata huyu mama pampu yake haijatoa kitu."

Naam, isingetoa. Kontakta isiyopata ardhi haivuti. Ndiyo maana Ayeeyo angeshika bomba kwa nguvu zaidi leo, na kulizungusha, na kulishikilia.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

"Una maziwa kiasi gani?" Abdihafid aliuliza.

Alisikia vifuniko vya majerikeni vikikazwa.

"Ebla."

"Maziwa hii ni ya watu," Ebla alisema polepole. "Ya wamama wa porini. Inangoja basi ya Nairobi. Unaniambia nimwage maziwa chini, Abdihafid? Wakati huu? Watu wanakunywa chai bila maziwa!"

"Wallahi sina lingine. Wallahi Ebla, ni mkono wangu umefanya. Mimi ndiye nimefanya hivyo."

Hakuwahi kutamka maneno hayo maishani mwake. Kilichosikika ni simu kusukumwa ndani ya ushungi, jerikeni tupu likiburutwa liwe la kukanyagia, pumzi za mwanamke anayeinua mzigo mpaka juu ya ukuta, halafu "Bismillahi", halafu maziwa yakianguka. Abdihafid aliyasikia yote, lita ishirini za maziwa zikigonga udongo mkavu, na kwa mtoto wa mfugaji sauti hiyo ni mbaya. Hani alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Imekunywa yote," Ebla akasema. "Kama haijamwagwa kitu."

"Lingine!"

Adhana ilikuwa bado, lakini saa tisa na nusu ilifika. Alijua imefika kwa sababu kupitia simu ile, nyuma ya ukuta ule, alisikia kontakta yake mwenyewe ikijaribu kuvuta na kushindwa: krrr, krrr, krrr. Na ndani ya nyumba, juu kabisa ya sauti hiyo, mtu akapiga yowe moja fupi.

"Ebla, mwaga! Mwaga!"

Maziwa yakaanguka tena. Krrr, krrr. Kisha ta! Kontakta ikashika, na pampu ikaanza kunguruma, kazi safi, kama siku aliyoifunga. Maana yake ardhi imenywa na bomba limekufa ganzi lenyewe. Lakini yowe lilikuwa limetangulia.

"Ayeeyo!" Ebla alikuwa akiita. "Ayeeyo Kaaha! Ayeeyo!"

Hapo simu ikakatika. Alipopiga ikawa imezimwa.

Hani alichukua ufunguo wa gari la ofisi, akamwambia apande. Safari ile siisimulii, maana Abdihafid mwenyewe hakumbuki hata kilima kimoja. Anakumbuka tu kwamba simu haikushika, na kwamba alihesabu nyumba kwenye vidole, Kaaha ya kwanza, akifika ya kumi na mbili anaanza tena.

Waliingia Garissa jua likianza kulegea. Geti lilikuwa wazi, limevunjwa bawaba. Ndani ya ua, kwenye kona ile, udongo ulikuwa umeganda mweupe, sisimizi na nzi wamejaa, na kando yake, juu ya kigoda chake cha zamani, Ayeeyo Kaaha alikuwa amekaa. Alikuwa hai. Ebla alikuwa amemwegemeza kifuani, na majerikeni mawili yamelala chini midomo wazi.

Abdihafid hakumsalimu hata mtu mmoja. Alikimbilia kabati, akafungua kufuli, akashusha swichi kubwa. Nyumba yote ikanyamaza. Ndipo akarudi, akapiga magoti kwenye udongo wa maziwa.

"Nilisikia mshindo nikadhani adhana imenipita, nikaenda kwa bomba. Ilinirusha mpaka kwa ukuta," Ayeeyo alisema, kama anayesimulia ya mtu mwingine. "Ebla anasema ni umeme."

"Ni mimi, Ayeeyo. Si umeme. Nilikuwa na njia ya kufanya vizuri, nikaogopa joto la dari. Na uliponiambia mkono unakuuma nikakwambia ni uzee."

Alingoja atukanwe. Alitaka kutukanwa. Ayeeyo aligeuza kiganja chake, akakitazama kwa macho yake ya ukungu.

"Nilipaka simsim kila siku," akasema.

Hani akaja akasema gari liko tayari, hospitali inangoja. Ayeeyo akasema ataenda, lakini alasiri imempita karibu yote, ataswali kwanza. Akaomba birika. Abdihafid akalijaza kwa maji ambayo pampu ilikuwa imeleta, akainama kummiminia. Mkono wa kushoto ulikinga maji vizuri. Wa kulia ulinyooshwa, kiganja kikiwa na alama nyekundu ya mviringo wa bomba, na vidole havikukunjika. Maji yalipita katikati yake yakaangukia kwenye maziwa. Alimimina tena, yakapita tena. Akaweka mkono wake mwenyewe chini ya ule wa Ayeeyo, akaukunja kwa nguvu zake, ili ushike hata kidogo.

"Abdihafid," Ayeeyo alisema. "Hivi umefunga kwangu tu?"

Abdihafid aliweka birika chini.

"Hapana, Ayeeyo. Nyumba nyingine kumi na moja."

"Nao wanaswali ndani?"

"Sijui. Wengine."

Ayeeyo Kaaha aliuvuta mkono wake, akamwonyesha Ebla kwa kidevu alichukue birika.

"Basi wewe," akasema, "umekaa hapa unanimiminia mimi maji?"

Abdihafid alisimama. Magoti ya suruali yake yalikuwa meupe. Alitoa simu, akatafuta jina la nyumba ya pili, na huku inaita akaanza kukimbia kwenda getini.